Nyege Nyege Tapes: singeli ya uswahilini, duka Kampala, bei kwa euro

Jina kwanza, maana msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita bila kukohoa. Kwa Waganda, ekinyegenyege ni ile hamu ya ghafla ya kucheza inayomshika mtu bila kuipangia. Kwetu neno hilo lina kazi nyingine kabisa, na fulana yenye maandishi hayo si ya kuvaa ukweni. Ukishavuka hapo unakutana na lebo ya Kampala iliyoanzishwa na Arlen Dilsizian na Derek Debru, haohao walioanzisha tamasha la jina hilo huko Jinja mwaka 2015. Tangu 2017 lebo hii imekuwa mlango mpana wa singeli, muziki wa mbio wa mitaa ya Dar es Salaam, kuingia kwenye kumbi za Ulaya.

Sifa imeandikiwa sana na wakosoaji wa Ulaya na Marekani, kwa hiyo hapa tunaipima kama duka. Kwa mafaili ya kupakua ni duka zuri, na bei yake inavumilika. Kwa santuri ni duka la mtu mwenye ndugu Ulaya. Kwa habari za wanamuziki na ziara zao ni duka linalomsahau mteja wa Kiswahili, ilhali singeli iliyo rafuni imetoka Dar es Salaam.

Kilichomo rafuni

Mlango wa kuingilia ni mkusanyo wa 2017 uitwao Sounds of Sisso, uliobeba jina la studio ya Sisso huko Mburahati, Dar es Salaam. Anayetaka kujua singeli ya lebo hii ikoje aanzie hapo, kwa sababu maprodyuza na MC wengi wamekaa mahali pamoja, na ubovu wa sauti wa studio ndogo haukusafishwa mpaka ukapotea. Biti imebanwa mpaka inapasuka kidogo, kibodi inalia kama king'ora, na MC anaongea kama kondakta wa daladala aliyeona trafiki. Vilevile ndivyo inavyosikika kwenye kigodoro, ile sherehe ya mtaani ya kukesha.

Baada ya hapo lebo ilianza kutoa albamu za mtu mmojammoja. Bamba Pana alitoa Poaa mwaka 2018, na hiyo ndiyo ya kumpa mtu asiyeijua singeli: sehemu kubwa haina maneno, midundo inazunguka kwenye duara fupi, na sikio linapata pa kushika. Mwaka 2019 zikafuatana tatu. Tatizo Pesa ya Jay Mitta ni ya mzaha na mbio. Mateso ya Sisso ni kavu na ngumu kuliko zote, si ya kufungulia wageni chakula cha mchana. Uingizaji Hewa ya Duke ndiyo yenye uzito wa rap, MCZO akiwa mbele na biti ikiwa nyuma yake kama ukuta. Kwa mwenye pesa ya albamu moja tu kati ya hizo tatu, shauri letu ni Uingizaji Hewa, kwa sababu maneno yanasikika na mtu wa Kiswahili atapata kitu ambacho mnunuzi wa Berlin hakipati.

Mr Mixondo ya DJ Travella, ya 2022, ni ya kizazi kingine. Travella aliitengeneza akiwa kijana mdogo sana, na masikio yake yamelelewa na muziki wa klabu wa mtandaoni kama yalivyolelewa na mtaa. Milio inang'aa, nafasi kati ya ala ni kubwa, na mchiriku wa zamani, muziki uliozaa singeli, unasikika kwa mbali tu. Kisha mwaka 2024 Sisso na Maiko wakatoa Singeli Ya Maajabu, ambamo kibodi ya Maiko inachezwa kama mchezo wa kompyuta uliochanganyikiwa. Ni albamu nzuri, ila ichukue kwa vipande. Dakika arobaini mfululizo zinachosha sikio, na hilo si kosa la spika yako.

Jambo moja mnunuzi alijue kabla ya kutoa pesa: singeli ya redioni haimo humu. Msaga Sumu, Man Fongo, Sholo Mwamba na Dulla Makabila ni watu wa njia nyingine, yenye viitikio vya kuimba na video za kuchezea harusini. Nyege Nyege Tapes imechagua upande wa maprodyuza, kwa hiyo nyimbo nyingi ni biti tupu au biti yenye MC wa kupasha joto. Anayetaka wimbo wa kuitikiwa na ukumbi mzima atatoka humu mikono mitupu, akilaumu lebo kwa kosa ambalo si lake. Na anayetaka kusikia singeli ilikotoka, yaani mchiriku wa vikibodi vidogo vya Casio vilivyopitishwa kwenye spika zilizochoka, atafute Jagwa Music. Albamu yao ya 2012, Bongo Hotheads, ilitolewa na lebo nyingine, Crammed Discs ya Ubelgiji.

Nje ya singeli rafu ni pana, na tutaipita haraka. Gulu City Anthems ya Otim Alpha ni muziki wa harusi za Waacholi uliohamishiwa kwenye kompyuta, na ni moja ya bidhaa bora za duka zima. Duma, vijana wawili wa Nairobi, walitoa mwaka 2020 albamu ya makelele ya metali ambayo ama utaipenda ama utaizima ndani ya dakika mbili. Kwenye lebo dada, Hakuna Kulala, yumo MC Yallah, rapa anayepita kwenye Kiganda, Kiswahili, Kiluo na Kiingereza. Yallah Beibe ya 2023 ni ya kununua bila kujiuliza. Humo pia yumo Slikback wa Kenya, ambaye matoleo yake mawili ya mwanzo, Lasakaneku na Tomo, bado yanapigwa na madj wa kumbi za giza.

Mafaili: hapa ndipo pesa hupona au kupotea

Duka lenyewe liko Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki. Ukinunua albamu unapewa uchague umbizo: MP3 ya kbps 320 (kilobiti kwa sekunde), MP3 ya V0, FLAC (inayobana faili bila kupoteza sauti), AAC, Ogg, ALAC, WAV au AIFF. Watu wengi hubonyeza la kwanza wanaloliona na kuendelea. Kwa singeli, umbizo lina maana kuliko kwa muziki mwingine wowote wa kwetu, na sababu yake ni hesabu ya darasa la saba.

Chukua singeli ya biti 240 kwa dakika. Pigo moja linachukua sekunde 0.25. Ligawe mara nne, kama maprodyuza wa singeli wanavyoligawa, na kila mlio unabaki na milisekunde 62.5. Sasa MP3 huikata sauti katika vipande vya sampuli 1,152, yaani vipimo vidogo vya sauti, ambavyo kwa sauti ya kawaida ya 44.1 kHz ni karibu milisekunde 26 kila kimoja. Kati ya mlio na mlio, basi, kuna vipande viwili na ushee tu. Bitireti, yaani hizo kbps, ikiwa ndogo, ukungu wa kipande kimoja unamwagikia cha pili, na mlio unaanza kusikika kabla haujapigwa. Kofi linageuka kuwa pumzi. Bongo fleva ya biti 90 ina milisekunde 167 katika nafasi hiyohiyo, zaidi ya vipande sita, ndiyo maana faili la kbps 128 linavumilika kwenye ile na linaharibu hii.

Hilo ni muhimu kwa sababu ukisikiliza bure kwenye ukurasa wa Bandcamp, sauti inayokuja ni ya kbps 128. Mtu anaonja pale, anaona singeli ni makelele ya bati, anaondoka. Usiihukumu albamu kwa sauti hiyo. Itumie kuchagua nyimbo tu.

Ukubwa wa mafaili, kwa albamu ya dakika 40: kusikiliza kwa kbps 128 kunakula kama MB 38 za bando kila unaporudia. MP3 ya 320 ni kama MB 96, unapakua mara moja basi. FLAC huwa kati ya MB 250 na 320, na singeli huelekea juu kwa sababu imejaa milio na haina ukimya wa kubana. WAV ni zaidi ya MB 420, na haina faida yoyote juu ya FLAC isipokuwa kama kifaa chako hakisomi FLAC. Ukisikiliza albamu mara tatu tu mtandaoni, umeshakula bando la kupakua MP3 ya 320 na chenji.

Kwa simu na spika ya bluetooth, chukua MP3 ya 320. Kwa DJ, na kwa anayetunza, chukua FLAC kwenye wifi. Huna haja ya kuogopa kukosea, kwa sababu ukishanunua unaweza kurudi kwenye mkusanyo wako na kupakua umbizo lingine bila kulipa tena. Ila usitegemee FLAC ifanye miujiza. Vipande ambavyo singeli hukata kutoka nyimbo za wengine, vya taarabu hasa, mara nyingi viliingia studio vikiwa tayari ni MP3 za kuokota. Kilichopotea huko hakirudi.

Kununua kwa simu, na yanayoharibika

Fungua akaunti kwanza, kisha ndipo ununue. Bandcamp inakuruhusu kulipa kama mgeni, na hapo ndipo watu hupoteza mali: kiungo cha kupakua kinatumwa kwenye barua pepe uliyoiandika, na ukikosea herufi moja umelipia hewa mpaka uandikiane na huduma kwa wateja. Ukiwa na akaunti, albamu inakaa kwenye mkusanyo wako hata simu ikiibwa.

Fanya ununuzi na upakuaji kwenye kivinjari, si kwenye programu ya Bandcamp. Programu inakuhifadhia nyimbo za kusikiliza bila intaneti, lakini zinabaki ndani yake. Huwezi kuzitoa ukaziweka kwenye flashi ya gari au kumpa DJ. Kwenye kivinjari utapata faili la ZIP. Simu nyingi za Android hulifungua kwa programu yake ya mafaili: liguse, chagua kutoa yaliyomo, kisha hamishia folda kwenye Music. Upakuaji ukikatika katikati, ZIP itakuambia imeharibika. Ifute na uanze upya, usijaribu kuitengeneza. Nafasi ya kuanzia kwenye simu iwe mara mbili ya ukubwa wa faili, kwa sababu kwa muda ZIP na nyimbo zilizotolewa zitakaa pamoja.

Malipo ni kadi ya Visa au Mastercard, au PayPal. M-Pesa ya moja kwa moja haimo, wala mtandao mwingine wowote wa simu. Njia ya kawaida ni kadi pepe inayofunguliwa ndani ya menyu ya pesa za simu. Kenya ipo ya Visa kupitia M-Pesa tangu 2022, na Tanzania mitandao ina kadi za namna hiyo. Kadi hizi hukataliwa kwa sababu tatu zinazojirudia. Ya kwanza, namba ya usalama ya nyuma ya kadi hudumu muda mfupi, kwa hiyo iombe ukiwa tayari umefika ukurasa wa kulipa. Ya pili, salio linatosha bei lakini halitoshi bei pamoja na makato ya kubadili fedha: kutoka shilingi kwenda dola, kisha euro. Weka ziada ya kama asilimia 8 juu ya kiwango unachokiona kwenye tovuti za kubadili fedha. Ya tatu, nchi iliyoandikwa kwenye anwani haifanani na ya kadi. Usiandike Uganda kwa sababu lebo iko Uganda.

Bei yenyewe: albamu ya kidijitali ya lebo hii kwa kawaida haifiki euro 10. Angalia kama bei imeandikwa kuwa ni ya kuanzia. Hapo unaruhusiwa kulipa zaidi, na kisanduku kinakubali. Usinunue nyimbo mojamoja kabla ya kupiga hesabu. Nyimbo sita au saba mara nyingi zimefika bei ya albamu nzima. Albamu iliyo kwenye oda ya mapema inakatwa pesa siku ileile, unapewa wimbo mmoja au miwili ya kuonjea, na zilizobaki zinakuja siku ya kutoka. Watu hulalamika wameibiwa wakati tarehe imeandikwa pale chini ya kitufe.

Pesa inakwenda wapi? Bandcamp huchukua asilimia 15 kwenye mauzo ya kidijitali, inayoshuka hadi 10 muuzaji akivuka mauzo ya dola 5,000, na 10 kwenye santuri na kaseti, pamoja na gharama ya kusafirisha malipo. Kwa albamu ya euro 8, fungu likiwa asilimia 15, euro 1.20 ni ya Bandcamp, na inayobaki ikishakatwa gharama ya malipo inaingia kwa lebo, kisha kwa msanii kwa mujibu wa mkataba wao. Ipo Ijumaa ya Bandcamp, iliyoanza Machi 2020, ambapo Bandcamp huacha fungu lake. Si kila mwezi, kwa hiyo hakiki tarehe. Saa zake ni za pwani ya magharibi ya Marekani: kwetu inaanza saa nne asubuhi ya Ijumaa na kwisha saa nne asubuhi ya Jumamosi, au saa tano kwa saa tano kuanzia Novemba hadi Machi. Anayenunua Ijumaa saa mbili asubuhi akidhani amemsaidia msanii, bado hajafika.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini prodyuza wa Mburahati asifungue duka lake mwenyewe palepale Bandcamp. Jibu liko kwenye malipo. Bandcamp imejengwa juu ya kumlipa muuzaji kwa PayPal, na kwa miaka mingi akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania imekuwa ya kulipia tu, si ya kupokelea. Mkenya anapokea, Mtanzania anatazama. Nusu ya umuhimu wa lebo kama hii ni akaunti ya benki iliyo mahali panapofaa, na hilo ni jambo la kusikitisha kuliko sifa zote zinazoandikwa kuhusu ugunduzi wa vipaji.

Kwa madj

Programu nyingi za DJ hazitarajii kasi ya namna hii na husoma nusu: wimbo wa biti 220 kwa dakika unaandikwa 110. Kabla ya seti, pitia nyimbo zote na bonyeza kitufe cha kuzidisha mara mbili pale gridi ilipokosea, la sivyo lupu ya biti nne itakuwa nane na utaingia vibaya mbele za watu. Nusu hiyo ina faida yake pia. Bongo fleva ya 100 inaungana na singeli ya 200 bila kuigusa pichi, na amapiano ya 112 inafungua mlango wa 224. Toka kwa njia hiyohiyo. Kupandisha pichi polepole kutoka 128 mpaka 200 haijawahi kumfurahisha mtu.

Kata besi ya wimbo unaotoka kabla ya kuingiza singeli. Kiki zake ni fupi na nyingi, na zikikutana na besi ndefu ya amapiano, spika za ukumbi wa kawaida huanza kunguruma badala ya kupiga.

Santuri na kaseti

Matoleo mengi ya lebo yametoka kwenye santuri, na mengine kwenye kaseti, kama jina linavyodai. Ni vitu vizuri kuvishika. Swali ni kama vinafaa kwa muziki wenyewe.

Santuri ya inchi 12 inayozunguka mara 33 kwa dakika inabeba vizuri kama dakika 20 kwa upande. Mwanzoni mwa upande, mfereji unapita chini ya sindano kwa karibu sentimita 51 kwa sekunde. Ukikaribia kibandiko cha katikati, unapita kwa sentimita 21 tu. Milio mikali ya juu inabanwa kwenye nafasi chini ya nusu ya ile ya mwanzo. Singeli ni milio mikali ya juu kwa asilimia kubwa, kwa hiyo wimbo wa mwisho wa kila upande ndio wa kwanza kukwaruza. Sindano ya ncha ya yai hupunguza tatizo kuliko ya ncha ya mviringo. Uzito wa sindano ufuate karatasi ya mtengenezaji. Kuupunguza ukidhani unailinda santuri ni kuiharibu, kwa sababu sindano inarukaruka na kukata kuta za mfereji.

Kisha usafiri, unaoua biashara. Tuseme santuri ni euro 22 na posta kutoka Ulaya ni 20. Forodha haitazami 22, inatazama 42, bei pamoja na usafirishaji. VAT ya asilimia 18 ya Tanzania Bara au Uganda peke yake ni euro 7.56, kabla ya ushuru wa forodha wenyewe, ambao huongezwa kwanza na VAT ikapigwa juu yake. Kenya VAT ni 16. Santuri ya 22 inakufikia ikiwa imepita 50. Ukiagiza mbili au tatu kwa pamoja, posta haipandi mara tatu, na hapo ndipo hesabu inaanza kuleta maana, changishaneni. Andika anwani yenye sanduku la posta na namba ya simu inayopatikana, maana kifurushi kisicho na simu kinakaa ghalani. Na usikiache kwenye gari juani baada ya kukichukua. Plastiki ya santuri huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 60 hivi, na gari lililofungwa juani, karibu na kioo, hufika huko.

Mwenye ndugu Ulaya amwombe apokelee kule na aje nayo kwenye begi la mkononi. Kaseti ni nyepesi kusafirisha, lakini bila deki iliyosafishwa kichwa na iliyonyooshwa, milio ya juu, yaani singeli yenyewe, ndiyo inayopotea kwanza. Inunue kama kumbukumbu, na upakue faili linalokuja nayo.

Habari na ziara

Huku ndiko duka linapopata maksi ndogo. Maelezo ya matoleo yako kwa Kiingereza, marefu, yamejaa sifa na majina ya mitindo ya Ulaya. Hakuna mashairi ya nyimbo wala mstari mmoja wa Kiswahili, hata pale albamu nzima ina jina la Kiswahili. Mtu wa Tandale anayetaka kujua nani alipiga kibodi na nani alichana lazima apite kwanza kwenye aya tatu za kumweleza Mzungu maana ya kigodoro.

Kwa kufuatilia, bonyeza kitufe cha kufuata kwenye ukurasa wa lebo na kwenye ukurasa wa Hakuna Kulala pia, kwa sababu barua pepe za moja haziji na za nyingine. Hizo zitakuletea matoleo mapya. Tarehe za maonyesho zitafute kwenye Resident Advisor, tovuti ya ratiba za klabu na matamasha, kwa jina la msanii, si la lebo. Msimu wa ziara una umbo lake: Sónar ya Barcelona ni Juni, matamasha ya wazi yanaendelea hadi Septemba, Unsound ya Kraków ni Oktoba, na CTM ya Berlin ni mwisho wa Januari kuingia Februari. Waswahili wa Ulaya wawe macho miezi hiyo. Mara nyingi ni ukumbi mdogo, na msanii anaingia jukwaani baada ya saa sita usiku.

Usinunue tiketi ya treni isiyorudishwa kwa ajili ya onyesho lililotangazwa miezi mitano mapema. Msanii kutoka Dar anahitaji viza ya Schengen. Maombi hayapokelewi zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, jibu kwa kawaida ni siku 15 ila linaweza kuchukua muda mrefu zaidi, ada ya euro 90 hairudishwi ukikataliwa, na viza yenyewe hairuhusu zaidi ya siku 90 ndani ya 180. Jina likitoweka kwenye bango wiki mbili kabla, sababu mara nyingi ni hiyo, na mratibu hataiandika. Ndiyo maana ziara zao hubanwa: maonyesho mengi kwenye wiki chache, kisha kimya cha miezi.

Kwa aliye Afrika Mashariki, mahali pa kuwaona wengi kwa pamoja ni tamasha lenyewe, kandokando ya Nile huko Jinja. Mwaka 2022 Bunge la Uganda lilitaka lizuiwe kwa madai ya maadili, serikali ikaliruhusu kwa masharti, yote ndani ya siku chache za Septemba. Tangu 2023 limekuwa likifanyika Novemba. Kwa historia hiyo, kata tiketi ya tamasha mapema ikiwa ni nafuu, lakini malazi chagua yanayokubali kuahirishwa.

Mkenya anavuka kwa kitambulisho. Mtanzania anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, na wote wabebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Anayetoka Nairobi kupitia Busia au Malaba asishuke Kampala. Basi linapita Jinja kwanza, kilomita kama 80 kabla ya jiji. Mwambie kondakta mapema na uweke kengele ya simu, kwa sababu mabasi ya usiku hupita pale alfajiri, na dereva hasimami kwa abiria aliyelala.